Kuunda kompyuta ya gemu kwa hela ya kubana: boksi kwanza, kadi baadaye

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Kaka, nina hela kidogo, ninunue kadi gani?" "Kuna i7 inauzwa bei ya kutupa, nichukue?" "Nimeweka kadi, skrini nyeusi, ndiyo imeungua?" Nimekuwa nikimjibu mtu mmoja mmoja, na kila mara naacha kitu fulani njiani. Leo naandika yote kwa mpangilio, uyasome kabla hujatoa hata shilingi.

Njia ninayoieleza hapa ni moja tu: unachukua kompyuta ya mtumba iliyokuwa ofisini, mfano Dell OptiPlex, HP EliteDesk au ProDesk, au Lenovo ThinkCentre, unaisafisha, unaiongezea rami (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) na SSD (diski ya kasi isiyozunguka), kisha unaichomekea kadi ya picha, kifaa kinachochora picha za gemu. Mashine hizi huingia kwa makontena baada ya makampuni ya nje kubadilisha vifaa vyao. Kariakoo zimepangwa mpaka juu, na Nairobi utazikuta Luthuli Avenue na Moi Avenue. Kununua kipande kimoja kimoja kipya kunapendeza, lakini kasha, pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme) na mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) mpya peke yake vinaweza kula hela ambayo ingekupa mashine nzima ya mtumba ikiwa na prosesa (ubongo wa kompyuta), rami na diski ndani.

Sasa, kwa nini boksi, yaani kompyuta yenyewe na kasha lake, kwanza? Kompyuta yangu ya kwanza ya gemu niliinunua nyembamba, zile za kulazwa chini ya skrini, kwa sababu ilikuwa na i7 na ilikuwa safi. Kadi nikaitafuta baadaye, nikapata nzuri. Usiku ule nikafungua kasha juu ya meza ya chakula, nikaishusha kadi kwenye sloti, lile tundu refu la kadi kwenye mazabodi, na bamba lake la chuma likazidi ukingo wa kasha kwa vidole vitatu. Hapakuwa na cha kulazimisha. Muuzaji nilikuwa nimemuuliza, akasema "itaingia tu". Akiba ya miezi minne ikakaa wiki sita mezani, kadi upande huu na kompyuta upande ule, hadi nilipompata mtu wa kubadilishana naye. Ukubwa wa kasha na nguvu ya pawasaplai ndivyo vinavyoamua kadi gani itaingia. Ukianza na kadi, unajifunga mwenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati. Nyingine ndogo ikiwepo ni vizuri.
- Brashi ya rangi ya inchi moja, mpya, ambayo haijagusa rangi.
- Pesti ya joto ya prosesa, bomba dogo linatosha.
- Spiriti, kitambaa laini, na ufutio wa shuleni. Ufutio una kazi yake, utaiona.
- Flashi ya GB 8 au zaidi ya kuwekea Windows.
- Futi kamba ya kupimia. Fundi cherehani wa mtaani atakuazima.
- UPS (kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) yenye kirekebisha volti. Kama hela haijafika, angalau kilinda umeme kizuri, na UPS iwe kitu cha kwanza utakachoongeza.

Bei siziandiki hapa kwa sababu zinacheza na dola na zinacheza na kontena lililoingia wiki hiyo. Mgawanyo ndio unaodumu. Gawa hela yako sehemu kumi: nne ziende kwenye kompyuta, nne kwenye kadi ya picha, mbili zilizobaki zitoshe SSD, rami, kebo na nauli. Skrini, kibodi na kipanya haviko kwenye hesabu hiyo. Hela isipotosha, nunua kompyuta nzuri leo na uisubiri kadi. Kompyuta nzuri bila kadi utaifanyia kazi za shule na kuangalia mpira. Kadi bila kompyuta ni ya kutazama tu.

Hatua ya 1: Andika gemu tatu unazotaka kucheza

Usiseme "gemu zote". Andika tatu. Anayetaka eFootball, GTA V na Valorant ana mahitaji tofauti kabisa na anayetaka gemu kubwa zilizotoka mwaka huu. Angalia mahitaji ya kila gemu kwenye ukurasa wake rasmi, na utazame mambo manne: prosesa, rami, GB za kadi ya picha na nafasi ya diski. Watu husahau hilo la mwisho. Counter-Strike 2 peke yake inadai GB 85.

Hatua ya 2: Chagua boksi

Kuna maumbo matatu. Mnara ni lile kasha refu la kusimama. Nyembamba huandikwa SFF. Dogo kabisa, la ukubwa wa kitabu, Dell huliita Micro. Unalolitaka wewe ni mnara: kwa Dell huandikwa MT, kwa HP huandikwa TWR au MT. Lenovo wao hutumia herufi ya mwisho ya jina: M720t ni mnara, M720s ni nyembamba, M720q ni kadogo. Herufi moja hiyo ndiyo itakayokuokoa nauli ya kurudi dukani.

Halafu kizazi cha prosesa. Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. "i7" peke yake haina maana. Soma namba inayofuata: i7-2600 ni kizazi cha 2, ya mwaka 2011, i5-8500 ni kizazi cha 8, ya mwaka 2018. Ile i5 ina kori (viini vya kufanyia kazi) 6, ile i7 ina 4, na i5 inaishinda mbali kwenye gemu. Muuzaji akikuambia "hii ni i7 bosi", mwambie kwa heshima, "Sawa mkuu, i7 ngapi?"

Ushauri wangu:

Kizazi cha 8 ndicho cha kulenga. Tafuta OptiPlex 3060, 5060 au 7060, EliteDesk 800 G4, ProDesk 600 G4, au ThinkCentre M720t na M920t. Hapa ndipo Windows 11 inapoanza kukubalika rasmi kwa Intel, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Kizazi cha 6 na cha 7 bado vinafaa kama bajeti imegoma, maana navyo kwa kawaida hutumia rami ya DDR4, aina mpya kuliko DDR3. Kizazi cha 4, kama OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1, ni cha mwisho kabisa ambacho ningemruhusu mdogo wangu anunue, tena kwa gemu za zamani na kwa bei ya chini sana. Chini ya hapo usishuke. Prosesa za Intel za kizazi cha 3 kurudi nyuma hazina maelekezo yanayoitwa AVX2, na baadhi ya gemu mpya hazifunguki bila hayo, hata uweke kadi gani.

Hatua ya 3: Kagua ukiwa dukani, usikague nyumbani

Sema hivi: "Bosi, naomba uiwashe, na nifungue ubavu." Muuzaji mzuri hatakataa. Akikataa, toka, duka la jirani linazo pia.

Ikiwaka, ingia kwenye bayosi, ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla ya Windows. Dell bonyeza F2, HP bonyeza F10, Lenovo bonyeza F1, mara tu nembo inapotokea. Soma jina kamili la prosesa na kiasi cha rami. Kama inadai nywila ya msimamizi, hiyo ni nywila ya ofisi ilikotoka. Mwambie muuzaji aiondoe mbele yako. Asipoweza, usiichukue, maana mbele utakwama kubadilisha mipangilio.

Izime, ichomoe kwenye umeme, fungua ubavu. Angalia mambo haya:

Sloti ndefu ya kadi, na nafasi ya kwenda mbele. Pima kwa futi kutoka ukuta wa nyuma wa kasha mpaka kitu cha kwanza kinachozuia, mara nyingi ni kizimba cha diski. Andika namba hiyo kwenye simu. Angalia pia kama chini ya sloti hiyo kuna nafasi ya sloti ya pili, kwa sababu kadi nyingi zina unene wa sloti mbili.

Kibandiko cha pawasaplai. Piga picha. Mashine hizi kwa kawaida huja na wati kati ya 200 na 300 hivi, na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Usijipe moyo kwamba utabadilisha pawasaplai kirahisi: Dell na HP kwenye nyingi ya mashine hizi wanatumia plagi zao wenyewe, pawasaplai ya kawaida ya dukani haichomeki bila kigeuzi.

Kapasita na kutu. Kapasita ni vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi. Vichwa vyake viwe bapa, visiwe vimevimba. Kama uko Tanga, Mombasa, Unguja au popote karibu na bahari, tazama pia kutu nyeupe au ya kijani kwenye skrubu na kwenye mdomo wa matundu ya nyuma. Chumvi haina haraka, lakini haiachi.

Swichi nyekundu ya volti. Baadhi ya pawasaplai zina kiswichi kidogo nyuma kilichoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa kwenye 115. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka hivyo utasikia mlio mmoja tu, na moshi. Angalia kabla ya kuchomeka, kila mara.

Hatua ya 4: Chagua kadi ya picha

Nadharia ni fupi. Sloti ya mazabodi yenyewe inaweza kuilisha kadi wati 75, basi. Kadi isiyozidi hapo haihitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai, na ndiyo unayoitaka. Kigezo chako dukani ni rahisi kabisa: itazame kadi kwenye ukingo wa juu na wa nyuma. Ikiwa na tundu la plagi ya pini 6 au 8, irudishe.

GTX 1650 ya GB 4, iliyotoka 2019, ndiyo ninayopenda kwa kazi hii. Ina wati 75, inapatikana mtumba, na inacheza gemu za mashindano vizuri. Lakini angalia, baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini 6. Jina ni lile lile, kadi si ile ile.

RTX 3050 ya GB 6, toleo la 2024, ina wati 70 na ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya hizi. Bei yake ni ya juu. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo inahitaji waya wa umeme.

RX 6400 ina wati 53 tu, na ipo kwenye matoleo mafupi na membamba. Kama tayari umeshanunua kasha la SFF, hii ndiyo ya kuanza kuitafuta. Ina kasoro mbili: inapoteza kasi kwenye mazabodi za umri huu kwa sababu inatumia njia 4 tu za sloti, na haina kifaa cha kurekodi video, kwa hiyo wanaotaka kurekodi mechi zao wasiichukue.

GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 750 Ti ya 2014 zimejaa sokoni. Bado zinacheza. Ila tangu Oktoba 2025 Nvidia, watengenezaji wake, wameacha kuzitolea draiva (programu za kuiendesha kadi) mpya za gemu, zinapata marekebisho ya usalama tu. Chukua ikiwa bei ni ya chini kweli.

RX 570 na RX 580 ziache, hata kama ni rahisi kuliko zote. RX 580 peke yake inakula wati 185, na nyingi ya zilizo mtumba zilichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana kabla hazijakufikia. Atakuja mtu akuambie ununue waya unaogeuza plagi ya SATA (ya umeme wa diski) kuwa pini 6. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Ukiibebesha kadi, plastiki inayeyuka, na nimeiona kwa macho yangu: plagi imegandana na kadi, nyeusi, inanuka chumba kizima.

Jambo la mwisho kuhusu kadi: kuna za bandia. Kadi ya zamani kabisa hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows itakudanganya, lakini programu ya bure iitwayo GPU-Z huzitambua nyingi na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani, na uombe kadi ijaribiwe mbele yako.

Hatua ya 5: Safisha kabla ya kuongeza chochote

Mashine imekaa ofisini miaka. Ichomoe umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla hujagusa mazabodi. Fanyia kazi juu ya meza ya mbao au sakafu ya saruji. Zulia hapana.

Piga vumbi kwa brashi, ukienda nje ya kasha, usilisukume ndani zaidi. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke wakati unapiga brashi. Kisha legeza skrubu nne za kipoozeo cha prosesa, kidogo kidogo kwa mshazari: hii, halafu ya pembe ya mbali, halafu hizo mbili nyingine. Zungusha kipoozeo kidogo kushoto na kulia ndipo ukiinue. Ukikivuta kwa nguvu unaweza kung'oa na vitu vingine.

Pesti ya zamani utaikuta imekauka kama chokaa ya ukutani, inabanduka kwa vipande. Ifute kwa spiriti mpaka prosesa ing'ae usome maandishi yake. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya dengu katikati, usiipake kwa kidole, rudisha kipoozeo na ukaze tena kwa mshazari. Chomeka tena waya wa feni. Waya huo husahaulika sana.

Hatua ya 6: Rami na SSD

GB 16 ndiyo shabaha, na iwe vipande viwili vya GB 8. Vipande viwili vinafanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja, na tofauti utaiona kwenye gemu: kipande kimoja cha GB 16 hukwamakwama pale ambapo viwili vya GB 8 vinateleza. Mchoro wa sloti zipi zitangulie mara nyingi umebandikwa ndani ya mfuniko. DDR3 na DDR4 haziingiliani, pengo la katikati liko sehemu tofauti, kwa hiyo rami ikigoma kuingia usiisukume kwa nguvu. Ikiingia sawasawa utasikia mlio wa klipu kila upande.

SSD iwe GB 480 au 512 ukiweza. Gemu zisikae kwenye diski ya zamani ya kuzunguka kama una njia nyingine. Ile diski usiitupe, itunzie picha na filamu.

Hatua ya 7: Chomeka kadi

Toa vibamba vya nyuma vya sloti, kimoja au viwili kulingana na unene wa kadi. Shusha kadi moja kwa moja, kandamiza kwa viganja viwili mpaka isikike "ta". Mstari wa shaba usionekane umeinama upande mmoja. Kaza skrubu yake ya nyuma.

Sasa sikiliza vizuri, maana nusu ya meseji za "kadi imeungua" zinatoka hapa. Kebo ya skrini ichomeke kwenye kadi. Siyo kwenye matundu ya juu ya mazabodi ulikoizoea. Kuna vijana wamecheza mwezi mzima kwa kutumia sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa, huku kadi waliyoitolea jasho imekaa bila kazi, kwa sababu ya kebo tu.

Skrini za zamani zina tundu la VGA pekee, la buluu, na kadi za karibuni hazina tundu hilo. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kabla ya siku ya kazi. Na usidharau skrini ya ofisini ya inchi 19 au 20 yenye mistari 900. Kadi ndogo inapata nafuu kubwa ikichora nukta chache, gemu linakwenda laini, na macho yako yatazoea siku ya kwanza tu.

Hatua ya 8: Bayosi na Windows

Ingia bayosi tena. Kwenye Dell, fungua sehemu ya SATA Operation; mara nyingi utaikuta kwenye RAID. RAID na AHCI ni namna mbili za mashine kuzungumza na diski; iweke AHCI kabla ya kusakinisha Windows. Washa TPM na Secure Boot, vilinzi viwili vya usalama wa mashine, kwa sababu Valorant kwenye Windows 11 inavidai vyote viwili. Hifadhi, toka.

Tengeneza flashi ya Windows 11 kwa programu ya Microsoft yenyewe kutoka tovuti yao. Usikubali flashi ya mtu iliyo na "Windows ya gemu" iliyopunguzwa. Hujui alichoacha ndani. Mashine nyingi za ofisini zina leseni ya Windows Pro ndani ya mazabodi, itajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti. Jaribu hilo kabla hujamlipa mtu hela ya "kuaktivisha".

Draiva ya kadi ichukue kwa Nvidia au AMD wenyewe.

Hatua ya 9: Gemu bila kumaliza bando

Hili wenzetu wa nje hawaliandiki kwa sababu haliwaumi. Ukipakua gemu la GB 85 kwa bando la simu, gharama yake inaweza kukaribia bei ya rami. Tafuta rafiki mwenye gemu hilo kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni. Ukiwa na akaunti yako na gemu likiwa lako, tangu 2023 Steam inaweza kulihamisha kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia rauta ile ile, bila kugusa bando isipokuwa kidogo la uhakiki. Au nakili folda ya gemu kutoka steamapps kwenye diski ya nje, ibandike kwako mahali pale pale, kisha bonyeza kusakinisha. Steam itakuta faili zipo na itashusha kilichopungua tu. Kwa gemu zinazojisasisha mara kwa mara, panga masasisho yafanyike usiku kama una bando la usiku.

Hatua ya 10: Jaribu nusu saa kabla ya kufunga ubavu

Fungua gemu zito kuliko yote uliyo nayo, cheza dakika 30, huku programu ya HWiNFO ikiandika joto. Kadi ikikaa chini ya nyuzi 80 na kidogo, iko salama. Ikipanda kuelekea 90, feni au pesti yake ina shida. Weka kiwango cha picha cha kati, punguza vivuli kwanza, kwa sababu vivuli hula sana na havikuongezei hata goli moja.

Kasha lisimame angalau kiganja kimoja kutoka ukutani, na lisiwe sakafuni ambako vumbi la mlangoni linaingia moja kwa moja. Kwa mji wa vumbi, rudia brashi kila baada ya miezi mitatu.

Ikigoma

*Inawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi.* Kebo iko kwenye kadi? Skrini yenyewe imechaguliwa HDMI au VGA? Kama yote sawa, zima, chomoa umeme, toa rami. Sugua meno yake ya shaba kwa ufutio safi taratibu, pande zote mbili, pangusa chembe kwa kitambaa, rudisha. Nimewafufulia watu kompyuta nyingi kwa ufutio wa shilingi mia mbili kuliko kwa kifaa kingine chochote. Bado? Toa kadi, washa kwa tundu la mazabodi. Ikiwaka hivyo, shida iko kwenye kadi au haikushuka vizuri kwenye sloti.

*Inalia au taa ya kitufe inapepesa rangi ya chungwa.* Hesabu milio au mipepeso, kisha tafuta maana yake kwenye kitabu cha modeli hiyo hiyo. Kila kampuni ina mahesabu yake.

*Inazima ghafla katikati ya gemu.* Kama inazima ndani ya sekunde chache baada ya gemu kupamba moto, ishuku pawasaplai. Kama inachukua dakika kumi au kumi na tano, lishuku joto. Kama inazima pale jokofu la nyumbani au pampu ya jirani inapowaka, ni umeme unayumba, na hapo dawa ni UPS yenye kirekebisha volti.

*Gemu linakwama kila baada ya sekunde chache.* Angalia kama rami iko kipande kimoja. Angalia kama gemu liko kwenye diski ya kuzunguka. Angalia kama kivinjari kimefunguliwa nyuma na kurasa ishirini.

*Windows haioni SSD wakati wa kusakinisha.* Rudi bayosi, ile RAID haijageuzwa AHCI.

*Saa na tarehe vinarudi nyuma kila ukichomoa umeme, na mipangilio ya bayosi inapotea.* Ni betri ya duara kwenye mazabodi, CR2032, ile ile wanayouza mafundi saa. Izime mashine, ichomoe umeme, bana klipu ya pembeni kwa kucha, betri itaruka yenyewe. Weka mpya, upande wenye maandishi juu, kisha rudia mipangilio ya hatua ya 8 kabla ya kuwasha Windows, hasa ile ya AHCI.